Kinara cha Matawi Saba na Taa ya Mlangoni

Kila taifa huhifadhi kumbukumbu zake kwa njia mbili: kwa neno na kwa kitu. Neno hutoka vinywani mwa wazee likaingia masikioni mwa vijana, au huandikwa kitabuni likasomwa. Kitu huonekana kwa macho na kushikwa kwa mikono, na kila akionaye huuliza maana yake. Miongoni mwa vitu vilivyobeba kumbukumbu ya taifa kwa muda mrefu sana ni kinara cha taa cha Wayahudi, kiitwacho menora kwa Kiebrania. Umri wake wapita miaka elfu mbili kwa ushahidi wa mawe na sarafu, na wapita zaidi ya hapo kwa ushahidi wa Taurati. Kimechongwa makaburini, kimechorwa ukutani, kimepigwa katika fedha, na tangu mwaka 1949 kimo katika nembo ya dola ya Israeli.

Juu ya hayo yote, wengi wakionao hukichanganya na taa nyingine, ambayo asili yake na sheria yake ni mbali. Moja ni kinara cha matawi saba, ambacho kilikuwa mali ya Hekalu. Nyingine ni taa ya mianga minane, ambayo ni mali ya nyumba ya kila mtu. Ya kwanza ilipotea. Ya pili haijazimika. Visa vya taa hizi mbili vimefika hata Afrika ya Mashariki, na huku vimepata maana ambayo haionekani kwa urahisi mahali pengine.

Habari ya kinara cha kwanza imo katika kitabu cha Kutoka, mlango wa ishirini na tano. Musa aliagizwa akifanye kwa dhahabu safi ya talanta moja, kwa kazi ya kufua na si kwa kuunga vipande. Katikati palisimama mti, na katika mti huo yalitoka matawi sita, matatu upande huu na matatu upande huu. Juu ya matawi kulikuwa na vikombe mfano wa maua ya mlozi, pamoja na matovu na maua. Na hesabu ya vikombe vyote ni ishirini na viwili, vinne katika mti na vitatu katika kila tawi. Fundi aliyetajwa ni Bezaleli. Mafuta yake yalikuwa ya zeituni, yaliyopondwa, safi. Nayo taa ilitengenezwa na makuhani iwake tangu jioni hata asubuhi. Kilisimama upande wa kusini wa hema, kikiikabili meza ya mikate.

Yafaa kutazama jambo moja katika maelezo hayo. Chombo hicho hakikuwekwa mahali ambapo watu wote wangekiona. Kilikuwa ndani, nyuma ya pazia, nao walioingia humo walikuwa makuhani peke yao. Mwisraeli wa kawaida alikijua kwa kusikia. Kwa sababu hiyo maana yake ilitafutwa kwa fikira zaidi kuliko kwa macho. Nabii Zekaria alikiona katika njozi, kati ya mizeituni miwili, akafahamishwa kuwa kazi ya kulijenga Hekalu itatimizwa kwa roho ya Mungu wala haitatimizwa kwa jeshi. Philo wa Alexandria, na baada yake mwanahistoria Josephus, waliona katika mianga saba mfano wa sayari saba zilizojulikana zamani zao. Wengine waliona siku saba za kuumbwa ulimwengu. Maana zilikuwa nyingi, lakini zote zilikubaliana kuwa nuru ile haikuwa kwa haja ya kuonea. Kwa maana Mungu hahitaji taa.

Katika Hekalu la Sulemani vinara vilikuwa kumi, vitano kuume na vitano kushoto. Wababeli walipoubomoa mji wa Yerusalemu mwaka 586 kabla ya Kristo, vinara vilihesabiwa pamoja na vyombo vilivyochukuliwa. Hekalu la pili liliposimama, kinara kilirudi kuwa kimoja. Mwaka 169 kabla ya Kristo mfalme Antioko wa Nne alilipora Hekalu na kukichukua. Miaka miwili baadaye aliwakataza Wayahudi ibada yao. Wana wa Matathia, waitwao Wamakabayo, walipigana naye, na mwaka 164 walilitakasa Hekalu na kuwasha taa tena.

Talmudi yasimulia kuwa washindi hao hawakuwa na dhahabu. Kinara chao cha kwanza kilikuwa cha vyuma vilivyofunikwa bati; walipopata uwezo wakafanya cha fedha; walipotajirika zaidi wakafanya cha dhahabu. Kisa hiki ni kifupi, lakini kina uzito. Sheria ilitaka dhahabu safi ya talanta moja, na umaskini ukaleta chuma. Makuhani hawakungoja dhahabu ndipo wawashe. Waliona kuwa taa ya chuma iwakayo ni bora kuliko kinara cha dhahabu kinachosubiriwa.

Kinara cha mwisho kiliondoka mwaka 70 baada ya Kristo, Warumi walipoliteketeza Hekalu chini ya Tito. Josephus, aliyeishi wakati huo, alieleza jinsi kilivyobebwa katika maandamano ya ushindi katika mji wa Roma. Sura yake imechongwa katika Tao la Tito, lililojengwa karibu na mwaka 81, nalo lasimama mpaka leo: askari wenye mataji vichwani wamekibeba mabegani kama mawindo. Kaizari Vespasiano alikiweka katika Hekalu la Amani. Mwaka 455 Wavandali waliupora mji wa Roma na kupeleka hazina zake Kartago, katika pwani ya Afrika ya Kaskazini. Na mwanahistoria Procopius aandika kuwa jemadari Belisario alipoushinda mji huo alipata humo hazina za Wayahudi, akazipeleka Konstantinopoli. Ikiwa kinara kilikuwamo, basi kilikaa katika bara la Afrika karibu miaka themanini. Baada ya hapo hakionekani tena katika historia.

Kitu kilipopotea, sura yake ilianza kuenea. Tangu kabla ya maangamizi, mfalme Matathia Antigono, aliyetawala kati ya mwaka 40 na 37 kabla ya Kristo, aliipiga sura hiyo katika sarafu zake. Baada ya maangamizi ilionekana kila mahali walipofika Wayahudi: katika makaburi ya chini ya ardhi huko Roma, katika sakafu za masinagogi ya Galilaya, katika kuta za sinagogi la Dura-Europos penye mto Frati. Huyu aliyezikwa ugenini hakuwa na haja ya maneno mengi juu ya kaburi lake. Kinara kilitosha kusema alikuwa nani.

Lakini hapa wanazuoni waliweka mpaka. Talmudi yakataza mtu kujifanyia chombo kilicho sawasawa na chombo cha Hekalu. Aweza kufanya taa ya mianga mitano, au sita, au minane. Ya saba asifanye. Kuchora ni halali, kufua ni haramu. Yaonekana shabaha yao ilikuwa kulinda pengo. Kama kila nyumba ingekuwa na kinara cha matawi saba, watu wangesahau kuwa kuna kitu kilichopotea. Mahali palipokuwa na kinara paliachwa patupu kwa makusudi, ili utupu wenyewe uwe ukumbusho.

Kwa kuwa kitu chenyewe hakipo, hata umbo lake limekuwa jambo la kushindaniwa. Tao la Tito laonyesha matawi yaliyopinda kama upinde. Musa bin Maimun, mwanazuoni mkuu aliyefariki Misri mwaka 1204, aliyachora yamenyooka kama mishale, na mwanawe Abrahamu alishuhudia kuwa babaye alichora hivyo kwa kukusudia. Tena kitako cha kinara katika tao kina pembe nyingi na kimepambwa kwa sura za wanyama, hali picha nyingi za Wayahudi wa kale zaonyesha miguu mitatu. Dola ya Israeli ilipochagua nembo yake mwaka 1949, waliichukua sura ya tao, wakaweka matawi ya mzeituni kila upande kwa kumbukumbu ya njozi ya Zekaria. Rabi Mkuu Isaac Herzog hakuridhika na kitako kile. Wengine waliona fahari: kitu kilichotoka kama mateka kimerudi kama nembo ya watu huru. Pande zote mbili zilikuwa na hoja, kwani swali lilikuwa kama taifa lijitambue kwa jinsi lilivyojiona lenyewe au kwa jinsi adui alivyolichonga.

Taa ya pili ni ya Hanuka. Sikukuu hii ya siku nane hukumbuka kutakaswa kwa Hekalu. Talmudi yasimulia kuwa kilipatikana chupa kimoja tu cha mafuta safi, kiasi cha siku moja, nayo yakawaka siku nane. Katika taa hii kila usiku una mwanga wake. Wanafunzi wa Shamai walisema kuwashwe minane usiku wa kwanza kisha ipunguzwe mmoja mmoja; wanafunzi wa Hileli walisema uwashwe mmoja kisha iongezwe mmoja mmoja hata minane. Ilifuatwa kauli ya Hileli, kwa hoja kuwa jambo takatifu huzidishwa wala halipunguzwi. Mwanga wa tisa, uitwao mtumishi, hutumika kuwashia mingine. Kwa kuwa ni marufuku kuutumia mwanga wa Hanuka kwa kazi yo yote, iwe kusoma, kushona au kuhesabu fedha. Mwanga huo ni wa kutazamwa tu.

Na wa kutazamwa na nani? Hapa ndipo sheria ya Hanuka inapotengana kabisa na sheria ya Hekalu. Kinara cha Hekalu kilifichwa ndani. Taa ya Hanuka huwekwa mlangoni, upande wa nje, ili mpita njia aione. Shabaha yake ni kutangaza ajabu ile mbele ya watu. Lakini wanazuoni, ambao walijua ulimwengu ulivyo, waliongeza neno: wakati wa hatari mtu aiweke mezani pake, na yatosha. Kwa neno hilo moja taa ikawa kipimo. Mahali taa inapowekwa hueleza imani ya mwenye nyumba, na papo hapo hueleza tabia ya majirani zake na ya mtawala wake. Taa iliyo mlangoni yasema kuwa mji una amani. Taa iliyo mezani, na madirisha yamefungwa, yasema kinyume.

Afrika ya Mashariki ilipata kuingia katika mambo ya Wayahudi mwaka 1903, serikali ya Uingereza ilipotoa shauri la kuwapa nchi ya Uasin Gishu, ambayo leo imo katika Kenya. Mkutano wa Wazayoni uliofanywa Basel mwaka huo ulibishana vikali juu ya jambo hilo, na mkutano wa mwaka 1905 ukalikataa. Wayahudi wachache kutoka Ulaya walikaa Nairobi na kujenga sinagogi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Hao walikuja na taa zao katika masanduku. Waafrika waliojifanya Wayahudi kwa hiari yao walikuwa wengine, na njia yao ilikuwa nyingine.

Semei Kakungulu, mzaliwa wa Koki, alikuwa jemadari wa Buganda na Mprotestanti. Aliwasaidia Waingereza kuitiisha nchi ya mashariki ya Uganda, akatumaini kupewa ufalme juu yake. Badala yake mamlaka yake yalipunguzwa hatua kwa hatua. Alikaa karibu na Mbale, akajiunga na kundi la Wamalaki, waliokataa dawa za kizungu. Kadiri alivyozidi kuisoma Biblia, ambayo ilikuwa imechapishwa yote kwa Kiganda mwaka 1896, ndivyo alivyozidi kushikamana na Agano la Kale. Mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe, na wafuasi wake wakaitwa Abayudaya, yaani Wayahudi kwa Kiganda. Mwaka 1920 alifika kwao Myahudi mmoja aitwaye Yosefu, aliyewafundisha kalenda ya sikukuu na sheria za kuchinja. Mwaka 1922 Kakungulu alitoa kitabu cha sala na kanuni kwa Kiganda. Alifariki mwaka 1928.

Kwa mwenye kuchunguza habari za taa, jamii hii ina funzo ambalo halipatikani kwa urahisi Ulaya. Mtu asomaye vitabu vya Musa hukikuta kinara cha matawi saba kimeelezwa kikombe kwa kikombe na ua kwa ua. Lakini taa ya Hanuka haimo. Habari za Wamakabayo hazimo katika Agano la Kale la Kiprotestanti, wala hazimo katika Biblia ya Kiebrania yenyewe. Basi mtu aufikiaye Uyahudi kwa mlango wa kitabu hukutana kwanza na taa ambayo ni marufuku kuifanya, wala hakutani na taa ambayo ni wajibu kuiwasha. Hii ya pili haisomwi katika Maandiko. Hupokewa kwa mdomo na kwa mkono, kwa kumtazama mtu mwingine akiiwasha. Ndiyo sababu kuja kwa mgeni kama Yosefu, na kuja kwa mwanazuoni Arye Oded katika miaka ya 1960, kulikuwa na thamani kubwa kuliko kupata vitabu vingine. Kitabu huweza kumfundisha mtu kujitenga na wengine. Desturi hutaka wenzake.

Wakati wa hatari uliosemwa na Talmudi ulifika Mbale katika utawala wa Idi Amin, tangu mwaka 1971 hata mwaka 1979. Ibada ya Kiyahudi ilikatazwa na masinagogi yakafungwa. Wengi waliingia Ukristo au Uislamu. Kwa hesabu itajwayo mara nyingi, walikuwa kiasi cha watu elfu tatu, wakabaki kama mia tatu. Hao waliobaki walisali kwa siri. Hawakuhitaji kuambiwa na mwanazuoni kuwa meza hutosha mlango usipoweza, maisha yaliwafundisha.

Ukombozi wao ulitoka upande ambao pengine hawakuutazamia. Mwezi wa Oktoba mwaka 1978 majeshi ya Amin yaliingia Tanzania na kuiteka nchi iliyo kaskazini ya mto Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Jeshi la Tanzania liliwafukuza, likavuka mpaka pamoja na wapiganaji wa Uganda, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Jioni ya siku hiyo ndiyo iliyokuwa mwanzo wa Pasaka ya Wayahudi, sikukuu ya kutoka utumwani. Watanzania waliokufa katika vita hivyo hawakwenda kupigania dini hiyo. Walikwenda kupigania nchi yao. Lakini moja ya matunda ya kazi yao ni kuwa watu wachache katika vilima vya Mbale waliweza kufungua tena milango.

Mto huo huo wa Kagera wapita Rusumo, katika wilaya ya Ngara, kabla ya kufika Kyaka. Huko, tarehe 28 na 29 Aprili 1994, karibu watu robo milioni walivuka daraja kutoka Rwanda, na katika muda wa saa chache uwanda wa Benaco ukawa mji wa wakimbizi mkubwa kuliko miji mingi ya Tanzania. Waliishi humo na katika kambi za jirani mpaka Desemba 1996. Mtu aliyeiona Benaco ya wakati ule hana haja ya kusoma Josephus ili ajue watu wanaoacha nyumba zao wana sura gani: mwenye godoro kichwani, mwenye mtoto mgongoni, mwenye sufuria mkononi. Hata hivyo haifai kuvilinganisha visa hivi bila hadhari. Miongoni mwa waliovuka walikuwako wenye mikono yenye damu, walioacha nyuma yao maelfu kwa maelfu ya Watutsi waliouawa, na maiti nyingi zilichukuliwa na mto huo mpaka ziwani. Uhamisho peke yake haumtakasi mtu. Ila Benaco na Rusumo pamoja zathibitisha jambo ambalo sheria ya taa ililidokeza zamani: kabla ya nyumba kubomolewa, ujirani hubomoka kwanza. Watu waliouawa Rwanda waliuawa na wengi waliojua milango yao.

Mwaka 2002 Abayudaya wapatao mia nne walipokewa rasmi katika Uyahudi mbele ya marabi waliotoka ng'ambo. Mwaka 2008 kiongozi wao Gershom Sizomu alipata daraja ya urabi baada ya kusoma Los Angeles, na mwaka 2016 alichaguliwa kuwa mbunge, katika wilaya ambamo wapiga kura wengi ni Wakristo na Waislamu. Baadhi yao waliungana na wakulima Waislamu na Wakristo katika chama cha ushirika cha kahawa kilichoanzishwa mwaka 2004. Mambo haya si ya pembeni katika habari ya taa. Hanuka haiwezi kutimizwa kikamilifu na Myahudi peke yake. Yeye huweka mafuta na utambi. Lakini mlango ulio wazi na njia yenye watu wapitao kwa salama hutolewa na wasio Wayahudi.

Basi kinara cha matawi saba na taa ya mlangoni ni ndugu wawili wenye tabia mbalimbali. Cha kwanza ni kumbukumbu ya nyumba moja iliyobomolewa, na heshima yake ni kuachwa kisifanywe tena. Ya pili ni kazi ya kila mwaka katika kila nyumba, na yaweza kuwa ya udongo, ya bati au ya fedha, kama vile Wamakabayo walivyoanza na chuma. Dola huweza kukichora kinara katika nembo yake na kujivunia, nayo ina haki hiyo. Lakini nembo haiwaki. Taa iwakayo imo mikononi mwa watu wa kawaida. Na mahali wanapothubutu kuiweka, mlangoni au mezani, ndipo historia ya mji wao huanza kusomwa.